Gari Lililokwama Nyuma ya Sofa

Wiki iliyopita msichana wa saluni alikuwa akinikausha nywele, draya yake ikaanza kunuka. Haikuwa harufu ya nywele kuungua, hiyo naijua. Ilikuwa harufu ya vumbi linaloungua ndani ya mota ndogo, shaba iliyopata joto na tone la mafuta. "Pole, madam, hii mashine imezeeka," akasema, akataka kuizima. Nikamwambia aiache iendelee kidogo. Aliniangalia kwenye kioo kama anayejiuliza kama niko sawa. Sikumweleza kitu. Ningeanzia wapi? Harufu ile kwangu ni ya Jumamosi mchana, mvua ya Kericho inapiga mabati, nami nimelala kifudifudi nyuma ya sofa na balbu ya tochi mkononi, nikiwa na furaha ambayo sijaipata tena kwa kazi yoyote niliyoifanya ukubwani.

Nilikuwa darasa la nne. Tulikaa kwenye nyumba za wafanyakazi chini ya kiwanda cha chai, nyumba za mawe zilizopangwa laini, kila moja na kibanda chake cha kuku na kamba yake ya nguo zisizokauka. Harufu ya majani yanayonyauka kiwandani ilikuwa imeingia hadi kwenye mito yetu. Wageni waliisifu, sisi hatukuisikia tena. Baba alikuwa karani wa kupima majani. Jumamosi aliondoka na lori mapema kuzunguka vituo vya wakulima, akarudi jioni vidole vimekuwa hudhurungi kwa maji ya chai. Kwetu ni upande wa ziwa, na ingawa mimi nilizaliwa pale pale, Baba hakuacha kutukumbusha. "Sisi ni wageni wa watu hapa," alisema, kila alipotaka tusipige kelele, tusikanyage mboga za jirani, tusijibizane na mtu dukani.

Katika nyumba hiyo tuliishi na anti Beril, dada mdogo wa Baba, kitinda mimba wa nyanya. Nyanya alimleta mwenyewe ili asomee ualimu wa chekechea mjini, akamwambia Baba mbele yetu sote, "Huyu nimekupa wewe. Nikimtaka, nitakuuliza wewe." Mimi na anti tulilala kitanda kimoja. Kukiwa na baridi nilimwekea nyayo zangu kwenye miguu yake, akapiga yowe, kisha akaziacha pale mpaka zipate joto. Nilimpenda kama mtu anavyompenda dada mkubwa ambaye hakuzaliwa naye.

Boksi lile lililetwa na Mama kutoka kwenye vibanda vya mitumba. Alikuwa amekwenda kutafuta mapazia. Mwenye kibanda alimwambia ni treni, na Mama, ambaye hakupata kuchezea kitu chochote cha dukani utotoni mwake, akaona huruma kuliacha. Haikuwa treni. Ndani mlikuwa na vipande vya barabara nyeusi ya plastiki, vingine vimenyooka, vingine vimepinda, kila kimoja na mitaro miwili myembamba, na kando ya kila mtaro nyuzi mbili za chuma. Mlikuwa na magari mawili yasiyozidi kiganja changu, la manjano na la buluu. Transfoma ilikuwa nzito kama tofali. Kulikuwa pia na vidude viwili vya kushika mkononi, vyenye kitu cha kuvuta kwa kidole, ambavyo niliviita bastola. Kwenye picha ya boksi watoto wawili weupe walikuwa wakicheka, magari yakiruka kona.

Baba alichomeka plagi, akavuta bastola. Kimya. Akavuta tena, akalisukuma gari la manjano kwa kidole, likasogea kwa huzuni likasimama.

"Mama Atieno," akasema, "umeuziwa maiti."

"Si tumwite yule kijana wa stima aangalie?" Mama akasema.

Kijana wa stima alikuwa Kiprono, fundi wa umeme wa kiwandani, aliyekaa laini ya juu yetu. Ndiye aliyetengeneza pasi na redio za watu wote pale. Baba akakunja waya wa transfoma polepole.

"Huyo kijana ana macho na kitu cha hii nyumba," akasema.

Nilisikia hayo nikiwa nimekaa sakafuni, nikatazama huku na huku. Tulikuwa na televisheni moja, kabati la vyombo vya wageni, na sasa boksi hili. Nikaamua ni boksi. Nani asingelitaka?

"Mtoto atakuwa hapo," Mama akasema kwa sauti ya chini. "Na mlango ukae wazi."

Baba akanigeukia. "Atieno. Akija, utakaa naye hapa mpaka amalize. Usitoke. Usimwache. Umenisikia?"

"Ndiyo, Baba." Moyo wangu ulikuwa umejaa. Sikuwahi kupewa kazi ya mtu mzima. Nilielewa kwamba nimewekwa kulinda magari yasiibiwe.

Kiprono alikuja Jumamosi baada ya zamu yake. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye ovaroli ya buluu, na alivua gambuti zake mlangoni ingawa hakuna aliyemwambia. Soksi moja ilikuwa na tundu, kidole gumba kikichungulia. "Chamgei, fundi," akanisalimia, na sikuwahi kuitwa fundi na mtu. Alikuwa akisema "kari" badala ya "gari", kama watu wengi wa pale, na baada ya muda mfupi mimi pia nilikuwa nikisema "kari", hata shuleni, hata mwalimu akinisahihisha.

Nataka nimtendee haki. Siku zile za kwanza alitengeneza kweli. Alinifundisha kuanza kule stima inakoanzia, si kule tatizo linakoonekana. Alipima transfoma kwa mita yake, akaniruhusu nishike sindano zake. Transfoma ilikuwa nzima. Akafungua bastola, tukakuta waya umekatika ndani. Akauunga kwa risasi iliyoyeyushwa, moshi wake ukanichoma macho. Tukasugua nyuzi za barabara kwa raba yangu ya shule, kutu ikatoka nyeusi, raba ikaisha. Kisha akafungua gari la manjano, na kwenye ekseli yake, umejizungusha mara nyingi kama uzi kwenye kibiringo, tukakuta unywele mrefu wa rangi ya dhahabu. Niliuvuta polepole mpaka wote ukatoka. Nilimfikiria mtoto aliyekuwa na nywele zile, ambaye alilala sakafuni mahali fulani kama nilivyolala mimi, na kwa sababu gani aliacha gari lake liende.

"Sasa vuta," Kiprono akasema.

Nikavuta. Gari la manjano likalia kama nyuki, likaondoka. Likapita chini ya meza ya televisheni, likatokea upande wa dirisha, likaingia nyuma ya sofa, likatoka, likarudi. Ile harufu ikapanda. Anti Beril, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango wa jikoni, akapiga makofi. Kiprono akanipa mkono kama mtu mzima mwenzake.

Jumamosi iliyofuata likasimama. Nyuma ya sofa, mahali pagumu kufikika, likakata kabisa.

"Hii kari iko na ungonjwa wa kurudi," Kiprono akasema. "Ni joint zinalegea. Ni lazima tupime kila kipande."

Hapo ndipo alinitengenezea kipimo changu mwenyewe, balbu ya tochi na nyaya mbili fupi. Sofa letu lilikuwa zito, lilikaa pale tangu nijue dunia, kwa hiyo ilibidi mimi, niliyekuwa mdogo, niingie kwa tumbo kati yake na ukuta. "Gusa katikati ya kipande tu," aliniagiza. "Usiguse kwingine. Ikiwaka, sema iko. Isipowaka, sema hakuna. Na useme kwa nguvu, ndio nijue umefika wapi."

Kwa hiyo nilitambaa. Kulikuwa na vumbi, na ganda la karanga la Krismasi, na baridi ya sementi iliyopenya kwenye sweta. Nikagusa, balbu ikawaka. "Iko!" Nikasogea. "Iko!" Nikasogea. Nyuma yangu nilisikia sauti zao, chini, zikiendelea kama redio ya jirani, na mara nyingine anti akicheka kwa pumzi tu. Nilidhani anacheka kwa sababu hajui mambo ya stima. "Hakuna!" nikaita. Kukawa kimya kidogo, kisha Kiprono akasema, "Vizuri, fundi. Hebu endelea mpaka mwisho, tusije tukaacha ingine."

Nilipotoka na kipande kilichokufa, alikichukua, akanipa mgongo, akakibana kwa koleo dirishani, akanirudishia. Kikafanya kazi. Nilimwona kama mganga.

Ikawa hivyo kila Jumamosi. Gari lilipona mchana likaugua kabla ya wiki kuisha, na kila mara mahali pengine, na karibu kila mara nyuma ya sofa. Ajabu ni kwamba halikupata kuugua namna hiyo kabla ya kupona. Sikuliona hilo. Nilichoona ni kwamba Kiprono hakuchoka. Fundi gani angerudi kila wiki kwa ajili ya mtoto? Alileta mursik, maziwa yao ya mgando, kwenye chupa, akisema mama yake ametuma, na anti akaimimina kwenye vikombe vya wageni. Anti alianza kuvaa gauni lake la kanisani siku hizo. Nilidhani ni heshima kwa kazi yetu. Nikaanza na mimi kuvaa langu, likachafuka nyuma ya sofa, Mama akanigombeza.

Jioni, Baba aliporudi, aliniita kabla hata hajavua koti.

"Fundi alifanya nini leo?"

Nikasimama wima. "Tumepata kipande kimoja kimekufa, Baba. Joint ililegea. Stima inatoka kwa transfoma, inaingia huu uzi, inapita kwa mota, inarudi na huu mwingine."

"Na ulikuwa hapo wakati wote?"

"Wakati wote."

Alinisikiliza akiitikia kwa kichwa, na nilijua ananisikiliza kweli, kwa sababu aliniuliza maswali ya kurudia. Baba hakuwa mtu wa maneno na watoto. Nadhani kabla ya magari yale hatukuwahi kuzungumza zaidi ya salamu na makosa. Sasa alikuwa akinisubiri. Jioni moja aliuliza kama mzaha, "Na anti yako, yeye huwa wapi mkifanya kazi?"

"Anakaa tu hapo," nikasema. "Hajui kitu. Mara nyingine anashika koleo."

Baba akacheka, cheko la kweli, akanipapasa kichwani. "Huyo kijana si mbaya," akamwambia Mama. "Nilimfikiria vibaya."

Niliringa kwa maneno yale kama niliyapata mimi. Na kweli niliyapata mimi.

Kiprono aliniahidi mashindano. Kari ikipona kabisa, alisema, tungewaita watoto wote wa laini, yeye awe refa, mimi niendeshe ya manjano. Nikawaambia wote. Nikawaambia hata wale walionicheka kwamba msichana hawezi kuwa fundi wa stima. Siku ikapangwa, Jumamosi ya wiki ambayo shule zingefungwa.

Jumamosi iliyoitangulia mvua ilianza mapema. Mama alikuwa kwenye mkutano wa akina mama kanisani, Baba na lori lake. Kiprono alikuja bila mfuko wa vifaa kwa mara ya kwanza. Alisema ameuacha kazini. Hakuvaa ovaroli, alivaa shati jeupe na viatu. Begi la anti la chuoni lilikuwa karibu na mlango, limejaa mpaka zipu haifungi vizuri. Niliviona vyote hivyo. Nilivipita kwa macho kwa sababu gari la manjano lilikuwa limekwama tena, na mashindano yalikuwa wiki inayofuata, na nilikuwa na wasiwasi.

"Ingia, fundi," Kiprono akasema. Sauti yake ilikuwa kavu. "Anza kona ya dirisha. Enda polepole sana leo. Usiruke hata kimoja."

Anti Beril alinishika shavu. Mkono wake ulikuwa baridi. "Atieno," akasema, akaniachia.

Niliingia nyuma ya sofa. "Iko!" Mvua ilikuwa ikipiga mabati kwa kishindo, ilibidi nipige kelele. "Iko! Iko! Anko, iko!" Nikasogea, nikasogea. "Hakuna! Nimepata! Hapa hakuna!" Nikangoja aseme vizuri, fundi. Nikaita tena. "Anko Kiprono! Hapa hakuna stima!"

Nilitoka kinyumenyume, utando wa buibui usoni. Vikombe viwili vya chai vilikuwa mezani, vinatoa mvuke. Mlango ulikuwa wazi, kama Mama alivyoagiza, na nje mvua ilikuwa nyeupe mpaka usione laini ya juu. Nikawaza wamekimbia dukani kununua sukari. Nikawaza, nikitengeneza mwenyewe kabla hawajarudi, Kiprono atashangaa kiasi gani! Nikarudi nyuma ya sofa.

Nilifikiri kama alivyonifundisha. Alinieleza siku za mwanzo, na huu ulikuwa ukweli mtupu, kwamba barabara ile ni ya mzunguko, na stima hutoka pande zote mbili kuizunguka. Joint moja ikikatika, stima itakuja kwa upande ule mwingine. Basi joint iliyolegea inawezaje kuua kipande? Nililala pale sementini nikiligeuza swali hilo, na kadiri nilivyoligeuza ndivyo lilivyokataa kukaa sawa. Nikagusa katikati ya kipande, giza. Kisha nikafanya alichonikataza. Nikasogeza nyaya hadi pembeni, upana wa kidole tu. Balbu ikawaka.

Stima ilikuwepo. Ilikuwepo wakati wote. Kuna kitu kilikuwa juu yake.

Nikakwaruza uzi kwa ukucha. Ngozi nyembamba ikabanduka, angavu, kama ngozi ya ndani ya kitunguu. Nikainusa. Harufu kali, tamu, ya ndizi zilizoiva kupita kiasi. Niliijua. Chuo cha anti hakikuruhusu kucha za rangi, kwa hiyo alipaka ile isiyo na rangi, ya kung'arisha tu, akiwa amekaa kitandani mwetu, akipuliza vidole.

Sitaki kudanganya kwamba nilielewa papo hapo. Nilichosikia kwanza ni ushindi. Nilikuwa nimeupata ugonjwa ambao hata Kiprono hakuupata! Mama alipoingia, mwavuli ukichuruzika, nilimrukia.

"Mama, ona! Si joint! Kuna mtu amepaka rangi ya kucha hapa! Ndio maana inakata! Nimepata mwenyewe!"

Mama aliutazama uzi. Akakitazama kidole changu. Akatazama vikombe viwili, ambavyo sasa vilikuwa vimepoa. Kisha akaniacha nimesimama, akaingia chumba chetu cha kulala, nikasikia sanduku likifunguliwa na kufungwa. "Beril?" akaita ndani ya chumba kile, kama mtu anayejua hatajibiwa. Alirudi akakaa kwenye sofa na kitambaa chake cha kichwani kilicholowa, mkono mdomoni.

"Wametoka saa ngapi?" akauliza.

"Nani?" nikasema.

Aliniangalia kwa huruma iliyonitisha, na ni katika uso wake, si kwenye barabara ile, ndipo nilipoona. Koleo ambalo anti alishika. Mgongo wa Kiprono dirishani, akikwaruza kile walichokipaka. Sema kwa nguvu, ndio nijue umefika wapi. Nilikuwa nikiwaambia kila Jumamosi, kwa sauti ya kusikika nyumba nzima, kwamba sijafika mahali pa kuwaona.

Baba alirudi, Mama akamweleza jikoni. Nilimsikia akisema jambo moja tu, kwa Kiluo, jina la nyanya. Kisha akaja sebuleni. Nilikuwa nimesimama kando ya transfoma, sijui kwa nini, kama askari wa lindo.

"Nilikuachia kazi moja," akasema.

"Nilichunga, Baba." Nilikuwa nalia. "Hakuna kitu imeibiwa. Televisheni iko. Magari iko. Kila kitu iko."

Nilingoja anipige, na ningefurahi angenipiga, maana kiboko kina mwisho. Hakunipiga. Alisema, "Na wewe pia ulikuwa hapo," akapita kwenda kulala bila kula.

Jumamosi iliyofuata watoto wa laini walikuja kwa mashindano, wengine wamevaa viatu vya kanisani. Mama aliwarudisha mlangoni, akasema kuna mgonjwa. Nilikuwa nimeshakwaruza nyuzi zote. Nilivuta bastola peke yangu, na gari la manjano likazunguka, likazunguka, wala halikusimama hata mara moja. Nikalizima.

Walikuwa wamekwenda kwa kaka yake Kiprono huko Mulot. Baba alikwenda kuwatafuta, akarudi peke yake. Barua ya nyanya ilipofika aliisoma amesimama. Lakini mambo yalikwenda kama yanavyokwenda. Miezi ilipita, anti akapata mtoto wa kiume, wazee wa upande wa Kiprono wakaja na maneno mazuri, na siku moja anti na Kiprono wenyewe wakaja, wakafungiwa sebuleni na Baba, mimi nikatolewa nje. Walipotoka, Baba alikuwa amempakata mtoto. Tulichinja kuku. Waliondoka na boksi la magari. Anti aliomba, kwa ajili ya mtoto wake atakapokua, na Mama akampa. Hakuna aliyeniuliza.

Baba hakuniuliza tena ripoti ya kitu chochote. Si kwamba alinichukia. Alinilipia shule, alinipeleka sekondari kwa lori la kiwanda, alivaa suti nilipohitimu. Lakini alipotaka kujua jambo la nyumbani aliwauliza wadogo zangu waliozaliwa baadaye. Kama tuko sote mezani na mtu anauliza nani alifunga mlango, alimtazama mwingine. Nilifanya kila nililoweza. Nilikuwa mkweli mpaka wenzangu wakanichoka. Mara chache nilijaribu kulisema, "Baba, ile siku ya anti..." akainua mkono, akasema, "Hayo yaliisha."

Na kwa wengine wote yaliisha kweli. Yakawa kichekesho. Kiprono amekuwa mtu wa heshima sasa, ana shamba la viazi Kedowa na tumbo la wastani, na hakuna harusi wala mahari ambako hajakisimulia. Hulala sakafuni mbele ya wageni na suti yake, akajifanya mimi, akapiga kelele za sauti nyembamba, "Anko, hapa hakuna stima!" Watu hushika mbavu. Mimi pia hucheka, maana asiyecheka pale ndiye anayeonekana ana tatizo.

Alikisimulia hata mwaka jana, tulipomzika Baba upande wa ziwa. Waombolezaji walihitaji kucheka kidogo, nami sikumlaumu. Wageni walipopungua, mimi na anti Beril tukabaki nyuma ya jiko tukiosha sufuria. Sijui ni nini kilinifungua mdomo.

"Anti, uliwahi kumwambia Baba kwamba mimi sikujua?"

"Kujua nini?"

"Kwamba mnaondoka. Kwamba nilikuwa kule chini natafuta stima kweli."

Alisugua sufuria bila kuinua macho. "Atieno, si hiyo ni kitambo."

"Uliwahi?"

Akaweka sufuria chini. Amezeeka vizuri, anti, mikono yake bado ni mizuri. "Ile siku tulikuja kuomba msamaha," akasema, "baba yako alikataa hata kutuangalia. Alisema nimemwibia imani ya mama yetu. Mtoto alikuwa analia, nikatafuta neno lolote la kumlainisha. Nikamwambia hata Atieno alijua. Nikamwambia, hata mtoto wako alikubali, yeye ndiye alikuwa anatusaidia, anampenda huyu mtu kuliko sisi wote. Hapo ndipo aliketi. Hapo ndipo aliuliza kama tumekula."

Akanishika mkono kwa vidole vyenye povu, akanitabasamia kama mtu anayetoa zawadi aliyoiweka kwa miaka.

"Wewe ndiye ulituokoa," akasema.

Niliutoa mkono wangu polepole, ili asijue ninautoa. Nikajifuta kwenye leso, nikaenda mpaka kaburini, nikakaa. Udongo ulikuwa bado mbichi. Nikamwambia Baba kwamba sikujua. Nilimwambia kwa sauti ya kawaida, kwa Kiluo, kama mtu anayesema na mwenzake aliye chumba cha pili, nikamweleza yote tangu mwanzo, nikabaki pale mpaka Mama akaja kuniita nikale.